Mjane wa Gisenyi Aliyemwona Mumewe Kwenye Sinema

Saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi inarudi ufukweni Gisenyi na wachuuzi wanagombania samaki kwa makelele. Mukankusi yupo, lakini hagombanii kitu. Amesimama pembeni mikono mitupu, kikapu amekiacha nyumbani, na wenzake wanampita kana kwamba hawamjui.

"Mi niko muzima, lakini nimekatazwa kazi," anasema. "Kichwa yangu inazunguka tu."

Kisa chote ni sinema. Mumewe, Sibomana, alikuwa mvuvi. Mwaka 1955 Wazungu wenye kamera walikuja kupiga picha za ziwa, volkano na maisha ya wavuvi, ili watu wa Ulaya wazitazame kwenye televisheni, sanduku ambalo hapa mjini hakuna aliyelitia machoni. Mwaka uliofuata homa ikamwondoa Sibomana. Mukankusi akakaa matanga, akayamaliza kwa desturi, akarudi sokoni kuwalisha binti zake.

Kumbe filamu ilikuwa njiani! Gari la sinema liliileta mwezi uliopita, shuka likatundikwa kwenye ukuta wa ghala, na Faradji, fundi cherehani wa mtaa wa Mbugangari anayewafafanulia watazamaji kwa kipaza sauti, akaanza kueleza moshi wa volkano unatoka wapi. Mara, Sibomana huyo! Anapiga kasia, anageuka, anacheka.

"Watoto walipiga kelele, 'Baba iko pale!' Wakakimbilia shuka. Mi nilimuosha, nikamuzika. Sasa niwaambie nini?"

Anajua ni picha, Faradji amemweleza hadi amechoka. Lakini kujua hakumsaidii kitu, maana siku nyingine hujikuta amempakulia marehemu chakula.

Habari ilipomfikia mama mkwe, Mukamusoni, mambo yakaharibika kabisa. Kwa bibi huyo, marehemu haonekani hadharani bure. Akionekana, ni kwamba matanga yalikatizwa mapema, basi yaanze upya, na aliye matangani hafanyi kazi wala hauzi. Wanunuzi nao wakasikia, wakaogopa samaki wake. Leo binti zake wanakula kwa jirani, na jirani ameanza kununa.

"Mama hakuona ile sinema," Mukankusi anasema. "Ajionee mwenyewe. Akisema nilie tena, nitalia. Lakini watoto watakula nini?"

Alhamisi jioni gari limerudi. Mukamusoni anaketi chini, mbele kabisa, amejifunika mdomo kwa kitenge. Sibomana anatokea, anapiga kasia, anageuka, anacheka. Faradji anashusha kipaza sauti. Watu wanamtazama bibi, sinema wameisahau.

Hapigi yowe. Machozi yanamtiririka tu, hata picha inapohamia kwa ndege wa ziwani.

"Siku ile ya kamera alikuwa amekula?" anauliza.

"Alikula, mama. Viazi na maharage. Akaomba tena."

"Ni we ulimupikia?"

"Ni mimi."

Bibi anajifuta uso.

"Bon, ni vizuri. Mutoto wangu alishiba, hakuja kutuomba kitu. Kesho chukua kikapu, uende soko."

Mukankusi anamshika mkono na kumwinua. Kesho atauza, hilo hana wasiwasi nalo tena. Anataka pia kuwaleta watoto gari likirudi, halafu hapo hapo anaghairi.

"Nitawaleta. Ao nisiwaleti? Wataniuliza kwa nini baba hashuki pale akuje nyumbani," anasema. "Na mimi, kweli, ndiyo kitu najiuliza."