Niliandika "Walikale" kwenye uyoga wa Kingi

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Yalinipata mimi mwenyewe, na sitajipamba.

Mimi ni msaidizi kwenye labo ya biolojia. Nilitumwa kukusanya uyoga kwenye misitu ya Masisi na Walikale.

Kuna uyoga mweupe ambao kila mtu anauona ni aina moja. Prof, mkuu wa labo yetu, alihisi kuna aina nyingine zimejificha humo. Tulipaswa kupima kofia na shina, kuangalia spora (lile vumbi lake la kuzaliana) kwa darubini, kisha kutuma vipande nje vipimwe DNA.

Masisi nilifanya kazi vizuri.

Walikale sikufika.

Mtadhani ni shida ya usalama. Hapana. Ilikuwa mvua na matope, nami nilikuwa nimechoka. Nikarudi mji wa Sake, nikanunua uyoga sokoni kwa Mama Zawadi.

"Hii inatoka kwetu Kingi, kaka," aliniambia. "Inaota mu shamba ya maharagi."

Nikaukausha, nikautia kwenye bahasha sita, nikaandika: msitu wa Walikale.

Majibu ya DNA yalipokuja, labo nzima ilishangilia. Uyoga wa bahasha zile sita ulikuwa tofauti kabisa na mwingine wote. Tukarudi kwenye darubini, na kweli, spora zake zilikuwa ndogo kuliko za wenzake. Aina iliyojificha!

Prof akanipongeza mbele ya wote. Nikacheka nao.

Sasa ukahitajika uyoga mubichi, tuandike rangi na harufu yake. Nikasema naumwa. Akaenda mwenzangu wa labo, Dada Espérance.

Alizunguka msitu wa Walikale wiki nzima. Akarudi miguu imevimba, mikono mitupu, na yeye ndiye akaniomba radhi.

"Kaka, unisamehe. Sikuona ile fasi ulipouokota uyoga. Pengine nilipita njia mubaya."

Wakuu, hapo ndipo nilivunjika.

"Dada, haiko Walikale. Niliinunua Sake."

Akaitazama miguu yake iliyovimba.

"Na kama ningekufia kule, ungesema?"

Nilimweleza Prof siku hiyohiyo. Akazitoa kwenye utafiti bahasha zangu zote, hata zile za kweli za Masisi. Nani angeziamini?

Yeye na Espérance wakaenda Kingi na Mama Zawadi, wakaupata uyoga ule asubuhi ya kwanza, katikati ya maharagi. Nasikia Mama aliuliza, "Kwani ule kaka hakuwaambia?"

Jina langu halimo kwenye kazi ile, na ni haki.

Nilichojifunza: uyoga ukificha aina yake, DNA itaisema. Lakini ulikouokota hakuna mashine ya kusema, watu wanategemea neno lako tu.

Espérance bado ananisalimia. Ila nikimpa sampuli, anauliza mara mbili imetoka wapi.

Aliyewahi kumuumiza mwenzake kazini kwa uongo, uliirudishaje imani yake? Niambieni. Hata mkinisema vibaya, nitasoma yote.