Magurudumu ya Mbwa Wetu

Nikipita karibu na seremala na kusikia harufu ya mbao zilizotoka kurandwa, namwona baba akichonga nje ya chumba chetu kule Eastlands. Kazi yake ilikuwa kuchonga twiga wa kuuza, lakini Jumamosi ile alikuwa akimtengenezea mbwa wetu jike kigari. Lori lilikuwa limemgonga, miguu ya nyuma ikapooza, akawa anajiburuta tu.

"Mzee, huyo amekwisha. Mpeleke adungwe sindano," jirani alimwambia.

"Si bado anakula?" baba akajibu, akaendelea kupiga msasa.

Akafunga magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, na mama akatoa leso yake kuukuu ya kujifunga kiunoni iwe mkanda wa tumbo. Tulipomvalisha, mbwa alisimama akitetemeka, hasogei. Nilitaka kulia. Ndipo mama, aliyezoea kumfukuza jikoni kwa fagio, akachuchumaa mwisho wa ua wa ploti yetu, akamwita, "Njoo, mama. Njoo polepole."

Mbwa akapiga hatua, magurudumu yakalia kwenye kokoto, kisha akatimua mbio. Alimvamia mama kwa nguvu hata akamwangusha, na mama akabaki pale chini vumbini, amemkumbatia, akicheka.