Sikuja Kutahiriwa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa huku Serengeti, nikisubiri kusafishwa kidonda cha mguu. Mbele yangu benchi lilijaa akina mama wajawazito waliokuja kutolewa damu ya kupimwa.

Mama mmoja kijana alinyoosha mkono. Sindano ilipomgusa, akapiga yowe na kuuvuta. Nesi akasonya.

"Mwanamke wa Kikurya unalilia sindano? Kwenu hawakukutahiri?"

Benchi zima likainamisha vichwa. Huku kwetu, anayelia mbele ya kisu huaibisha ukoo wake wote. Mama yule hakuinama. Alifunika mkono kwa khanga, akamtazama nesi usoni.

"Ndugu nesi, siku ile nilinyamaza kwa sababu ukoo ulikuwa unaniangalia. Leo sikuja kutahiriwa, nimekuja kupimwa. Naogopa, na inauma, kwa hiyo nitalia. Na wewe, kabla hujanichoma, niambie."

Nesi alitutazama akitafuta wa kumuunga mkono, akakosa. Akavuta kigoda, akakaa, akaushika ule mkono taratibu.

"Haya, mama. Nachoma sasa."

Mama alilia kwa sauti, lakini mkono ulitulia. Aliyefuata alianza kulia sindano yake ikiwa bado inachemshwa.

Mikutanoni tunahimizwa tujitawale. Sijasikia kiongozi akisema mikono ya wajawazito haimo katika kujitawala huko.

Zamu yangu ilipofika, nesi alishika chupa ya iodini akaniambia, "Wewe ni mwanaume, vumilia."

Nikamjibu kwamba hata mimi sikuja kutahiriwa.