Manifodi Ndani ya Sufuria ya Msiba

Wengine hurudishwa utotoni na harufu ya maua. Mimi, rafiki yangu, narudishwa na oili chafu. Juzi nimefika nyumbani Msamala, hata viatu sijavua, nikamkuta binamu yangu, mtoto wa mjomba, ameweka manifodi juu ya meza ya chakula. Kama hujawahi kuishi na mafundi, manifodi ni lile bomba lenye matawi linalogawia silinda hewa na petroli. Hiyo ilikuwa imeganda masizi, na ubavuni pake kuna sahani ya chapati. Mate yalinijaa mdomoni, si ya hamu. Nikatoka kuyatema uani.

Uani hapo ndipo nilipokulia. Nusu ilikuwa gereji ya mjomba, nusu jiko la bibi, na mpaka kati yao haukuwepo. Bibi akipepeta mahindi, mjomba ananyonya petroli kwa mpira na kutema karibu na kinu. Kuku wetu walikuwa na miguu myeusi. Kiazi kikishaguswa na mjomba, hakiliwi na mwingine. Watu husema utoto wao ulikuwa mtamu. Wangu pia, ila ulitiwa dizeli.

Katika uchafu huo bibi alitunza kitu kimoja safi: sufuria kubwa ya jumuiya. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani waliinunua kwa kuchanga, ya kupikia misibani, na ilikaa kwa mwanamke ambaye usafi wake hautiliwi shaka. Bibi aliifunga kwa khanga na kuiweka chumbani kwake. Hata maji ya kuoga hayakuchemshwa humo. "Hii inapikia wenye machozi," alikuwa akisema, "isionje kitu kingine." Heshima yake mtaani ilikuwa ndani ya sufuria ile.

Mjomba naye alikuwa na neno lake. Vijana walimjia wakitaka gari zikimbie, naye akawauliza kwanza wanapita wapi. Manifodi ya matawi membamba na marefu huvuta tangu injini ikiwa taratibu, na gari hupanda mlima na mzigo wake. Ile pana na fupi huamka injini ikishazunguka kwa kasi kubwa, na kwenye vilima vyetu hiyo ni hasara tupu. "Manifodi inachaguliwa kwa barabara unayopita," aliwaambia, "si kwa barabara unayoiota."

Neno hilo alilisahau siku mtani wake, mfanyabiashara wa korosho wa Nakapanya, alipompita mlimani kwa gari lake. Watani unawajua. Safari iliyofuata alimletea mkongojo, akauegemeza kwenye pikapu ya mjomba. "Mpe mzee wako huyu, magoti yamechoka." Mjomba alicheka, lakini ilimwingia. Haikupita wiki akang'oa manifodi pana kwenye gari lililopata ajali. Ilikuwa imeziba kwa masizi, ilitaka kuchemshwa na sabuni ya unga, na chombo cha kuitosha kilikuwa kimoja tu. Bibi alikuwa misani.

Nilirudi kutoka bombani nikakuta ameshamaliza. Povu jeusi lenye mafuta limemwagika kwenye mafiga, mwenyewe anaisugua sufuria kwa mchanga na majivu. Bibi aliporudi alimkuta nayo ikimetameta, akadhani mwanawe ameamua kumsaidia. Alimsifu.

Kisha mzee mmoja wa jumuiya akafariki, maziko yakawa kwao Mpitimbi. Pikapu, sasa na manifodi yake pana, ikabeba sufuria, mchele, maharage na akina mama. Kwenye tambarare ilinguruma hadi watu wakatoka madukani, na mjomba akawapungia mkono, kwenye safari ya msiba. Kilima cha kwanza ikakohoa, ikazima. Akina mama wakashuka na khanga zao za msiba, wakasukuma, bibi akiwa mbele.

Wali ulipopata moto, harufu ikaamka. Mafuta yalikuwa yamejificha chini ya ukingo. Nilitia tonge mdomoni, likanata kwenye fizi na ladha ya chuma. Mama mbele yangu alitafuna macho chini, kwa kuwa chakula cha msiba hakisemwi. Lakini watani wana ruhusa. Yule wa Nakapanya, aliyekuja kuzika, alisimama na sahani yake, akainusa mbele ya watu wote.

"Wafiwa, naomba kuuliza. Marehemu tunamzika, au tunamfanyia sevisi?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Utani haukasirikiwi, hivyo bibi naye alicheka. Kisha nikamwona anapitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria na kukipeleka puani.

Matanga yalipokwisha, akina mama wawili walikuja nyumbani. Walisema shikamoo, wakanywa chai, wakaulizia mahindi. Mwisho mmoja akasema, "Mama, umetutunzia sana. Tumeona tukupumzishe." Bibi akawatolea sufuria pamoja na khanga yake. Mjomba hakugombezwa. Aliirudisha manifodi nyembamba na pikapu ikapanda vilima kama zamani, lakini bibi hakuipanda tena, hadi siku ambayo hakuwa na uwezo wa kukataa.

Haya yote nilimsimulia binamu juzi, maana aliniuliza achague manifodi ipi, nyembamba au pana. Akasikiliza, akatabasamu. "Dada, lakini hii pana ndiyo inayonguruma."

Siku hizi misiba ya mtaani kwetu hupikiwa na watu wa kukodi, kwa sufuria za kukodi, na hakuna anayejua jana zilipika nini. Sufuria ya jumuiya sijui iliishia wapi. Tumekuwa watu wa kumeza tu, na hilo linanichefua kuliko oili.

Jioni ya siku ile nilimkuta binamu uani anaichemsha manifodi yake pana, katika sufuria iliyopika wali tulioula mchana. Mkewe alipita, akachungulia lile povu jeusi, akauliza kama itachelewa sana, maana anataka kubandika ugali.

Nikasema mimi nimeshiba.