Konvata Aliyoifunga Karisa

Nakumbuka asubuhi moja katika gereji ya Mzee Awadhi, pale Malindi, nilipoitwa kwa jina langu lote, la baba na la babu. Mwanangu, ukisikia unaitwa hivyo ukiwa kazini, ama una kesi ama una msiba. Mimi kesi sikuwa nayo.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya giaboksi, mafuta yamenifika viwikoni. Miaka hiyo ya themanini magari ya otomatiki yalikuwa ya kuhesabika huku kwetu, na mafundi waliothubutu kuyagusa walikuwa wachache zaidi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilijiona kwelikweli. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la mwalimu mstaafu wa Kilifi, na lilikuwa limekufa konvata, lile dude la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi, likifanya kazi ambayo kwenye magari mengine hufanywa na klachi. Mpya haikupatikana. Tulihangaika mpaka tukaipata moja kwenye gari lililotupwa huko Mombasa.

Sasa nisikilize, maana nyinyi vijana mkielezwa jambo mnatazama simu. Konvata haifungwi kwa nguvu. Unaikalisha kwenye giaboksi ikiwa bado chini, unaizungusha huku ukiisukuma taratibu. Inaingia mara ya kwanza, unaisikia. Inaingia tena. Hapo wengi hudhani imekaa, kumbe bado upana wa kidole, mpaka ishikane na pampu ya mafuta iliyo ndani. Ukiiacha hivyo, kisha ukaunganisha giaboksi na injini na kukaza bolti, umeivunja pampu kwa mkono wako mwenyewe.

Yangu ilikuwa imebakisha huo upana wa kidole nilipoitwa. Jirani yetu wa Gede alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia baba amefariki. Nikafuta mikono kwa tambara, nikaondoka naye. Sikumwambia mtu kazi nimeifikisha wapi. Nani hukumbuka pampu siku kama hiyo?

Baba tulimzika siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Gereji nzima ilikuja isipokuwa Karisa. Huyu Karisa alikuwa kijana wa Tezo, rika langu, fundi wa bodi, kazi yake kunyoosha bati na kuchomea. Kila mchana tulikula sahani moja. Pale kaburini macho yangu yalikuwa yakimtafuta yeye, na nilipomkosa niliumia, sikufichi.

Kumbe Karisa alikuwa amebaki kazini kwa ajili yangu. Kwetu mtu akifiwa, wenzake humpokea kazi zake. Atalimiwa shamba, atafunguliwa duka, mpaka atakapoinua kichwa. Karisa akaona rambirambi yake iwe ni ile giaboksi. Alipoitazama konvata aliiona imekaa. Akaipandisha giaboksi kwa jeki, na ilipokataa kukutana na injini, akaivuta kwa bolti, moja baada ya nyingine. Yeye alikuwa mtu wa bati, na bati likikataa hulazimishwa.

Matanga yalipoanuliwa nilirudi gereji. Karisa alinipokea mlangoni, uso wake una huzuni na furaha kwa pamoja.

"Pole sana, Athumani ndugu yangu. Leo usishike spana. Nimekumalizia."

Mzee Awadhi akawasha gari. Tulisikia chuma kikisaga chuma, kisha mafuta yakaanza kutiririka chini. Nilijua papo hapo kilichotokea.

Sikumtukana, mwanangu. Afadhali ningemtukana. Niliishusha giaboksi kimya, nikatoa vipande vya pampu kimya, nikavipanga juu ya gazeti mbele yake.

"Athumani, sema basi," alisema Karisa.

Sikusema. Mchana nilikula peke yangu. Hasira yenyewe haikuwa ya pampu. Nilikuwa nikimlilia baba, na Karisa ndiye aliyekuwa karibu.

Jioni Mzee Awadhi alinivuta kando. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hasara ile ilikuwa juu yake.

"Pampu nitaitafuta mimi," aliniambia. "Lakini mwenzio amekunyooshea mkono wa rambirambi, ameutoa kwa kazi kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho. Wewe umeuacha hewani. Nenda kaupokee."

"Nitampa mkono kesho, mzee," nikajibu.

Kesho yake Karisa hakuja. Tulisikia amekwenda Mombasa kutafuta kibarua. Nikasema akirudi nitazungumza naye. Sikukuu zikaja, zikapita. Kila nilipotaka kumfuata, kiburi kilinikalisha chini, kikiniambia aliyekosa ndiye wa kuja.

Mwishowe nilikwenda kwao Tezo. Nilimkuta mama yake barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikukumbuki, mwanangu."

"Mimi ni Athumani, wa gereji ya Malindi."

Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Ndiwe Athumani? Karisa kila akija kutoka Mombasa alikuwa hamalizi siku bila kukutaja. Akisema atakuja akuombe radhi, ila anaogopa moyo wako haujapoa."

"Yuko wapi, mama?"

Aliinuka akanipeleka nyuma ya nyumba, penye mikorosho, akanionyesha kaburi lililokwisha kuota majani. Homa ilimshika Mombasa, akaletwa nyumbani, hakukaa. Hakuna aliyenipasha habari, kwa sababu kila mtu alijua hatusemezani. Yeye hakuwepo kwenye maziko ya baba yangu kwa kuwa alikuwa akinifanyia kazi. Mimi sikuwepo kwenye maziko yake kwa kuwa nilikuwa nimenuna.

Nilimwomba mama yule jembe. Nikapalilia pale kaburini, kisha nikaingia shambani kwake nikapalilia mahindi, nikilia bila kujificha. Msimu uliofuata nikarudi, na mwingine pia, mpaka yule mama naye akaondoka duniani. Karisa hakuuona mkono wangu hata mara moja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukilazimika kuiacha kazi, hata kama umeitiwa msiba, mwambie mwenzako umefika wapi. Na mtu akikuharibia kitu akitaka kukusaidia, mshukuru kwanza, hasara mtaizungumza baadaye. Kunyamaza kwangu nilikuita ustaarabu, na mwenzangu alikufa akidhani namchukia.

Mungu akujalie wenzio wa kukupokea kazi siku utakayofiwa. Na wakikosea, akupe ulimi wa kuwaambia ahsante wakiwa bado wamesimama mbele yako.