Mkono wa Koti, Asubuhi ya Paredi

Kumepambazuka Matrah, mji jirani na Maskati, na Bi Masouda binti Thabit anapuliza makaa ndani ya pasi. Nguo nyeupe za wapiga bendi zimelala mezani. Saa tatu bendi itapita barabarani kwenye paredi, na koti moja halina mkono.

Mkono umeliwa na mbuzi.

"Unguja nikitia nguo uwanga wa muhogo," anasema. "Hapa muhogo sina, nikatia maji ya wali. Nikasahau kuwa mbuzi wa hapa hula hata magunia. Nguo ya maji ya wali kwao ni biriani."

Alifika Maskati mwaka 1964, mjane, na mtoto mmoja na sanduku moja. Akawafulia majirani kanzu, maji akichota kisimani na kubeba kichwani. Nguo za bendi amezipata mwaka huu wa 1970. Harub, mwalimu wa bendi, alimwambia waziwazi: ikipungua hata nguo moja, kazi itakwenda kwa dobi mwengine.

"Mwambie mbuzi kala," anashauri jirani yake, Mahfoudha.

"Nitamwambia, shoga. Lakini bendi itoke na mkono mmoja?"

Anafungua sanduku, anatoa shuka nyeupe ya marekani, anaikata.

"Masouda, shuka ya harusi yako hiyo."

"Harusi imekwisha. Kazi haijesha." Anatunga uzi. "Kitendawili."

"Tega."

"Ng'ombe wangu hula makaa, akipita shambani, majani hulala."

"Pasi hiyo. Shona, wakati unakwenda."

Harub anapofika, mkono umeshashonwa na kupigwa pasi. Anaugeuza. "Mbona huu mweupe kuliko mwenziwe?"

"Wa mwanzo kala mbuzi, mwanangu. Huu nimeukata kwenye shuka yangu."

Harub anacheka mpaka anakaa. Bi Masouda hacheki. "Hebu niambie, hili neno paredi maana yake nini?"

"Ni la Kiingereza, Bibi. Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa. Ukilifuata mpaka kwenye shina lake, Kilatini, ni kutayarisha."

"Basi mie nimo paredini tangu jana. Kazi bado yangu?"

"Yako. Jumamosi nitaleta nyengine. Ila uzianike darini, juu ya nyumba, mbuzi wasizifikie."

Harub anaondoka na nguo. Bi Masouda anaongeza makaa. Kanzu za majirani zinamngoja.

"Huyu hawajui mbuzi wa Matrah, wanapanda ngazi," anamwambia Mahfoudha. "Nna nia ya kuhama. Natafuta nyumba ambayo dari yake ina mlango, na mlango una komeo."