Sifa Iliyomliza Mkwe

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, maana alisuka nywele bila kumuumiza mtu. Kijana wake wa pekee alipooa mgeni asiyejua Kiswahili, mama huyo akaanza masomo ya Kiingereza ya jioni ili aweze kuongea na mkwewe.

Mwalimu aliwafundisha kwamba "sana" ya Kiingereza hutangulia sifa: very good, so good. Kwamba too ni sana iliyopita kiasi, hilo lilifundishwa jioni ambayo yeye alibaki saluni akimsuka bibi harusi. Hiyo too aliisikia mitaani tu, akaipenda: fupi, tamu mdomoni, tena aliiona ina nguvu kuliko very.

Mkwe alipokuja kukaa nao, alikuwa binti mtulivu, msikilizaji. Msusi akampenda mno. Siku ya kumtambulisha, akasimama mbele ya mashangazi wa kijana kumsifu: "My daughter, you are too quiet!"

Mashangazi wakapiga makofi. Mkwe akatabasamu, macho kwenye sahani.

Kesho yake binti akageuka mwingine. Aliongea kutwa, akacheka hata pasipo la kuchekesha, akawafuata wateja saluni na kuwapigia soga wasizozielewa.

"Umepata chiriku," mteja mmoja akatania. Msusi akacheka naye.

Siku chache baadaye kijana akamfuata mama yake uani. "Mama, mke wangu amekukosea nini?"

"Anikosee nini? Simwoni kasoro."

"Mbona ulimwambia mbele ya watu kwamba amezidi ukimya? Akifunga mlango analia. Anasema anajitahidi kuongea, lakini hawezi zaidi ya hapo."

"Mimi? Si nilimsifu! Nilisema mtulivu sana."

"Ulisema too, mama. Hiyo ni kuzidi mpaka kero."

Uso ukamwaka. Vikamjia vile vicheko vya kujilazimisha, na yeye akicheka pamoja na wateja. Usiku huo hakula, alisingizia kuumwa kichwa.

Asubuhi alimkuta mkwe jikoni, tayari ameanza kuongea. Akamshika mikono. Kiingereza chote kikamkimbia.

"Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kukusifu," akasema, na kijana, aliyemfuata jikoni, akatafsiri.

Binti akanyamaza, mabega yakashuka. Wakamenya viazi pamoja bila neno, msusi asiweze kumtazama usoni.

Wakabaki mashangazi. Aliwaita tena, akawaeleza kosa lake lote, mkwe kando yake. Walicheka hadi machozi. Yeye aliinamisha kichwa, akangoja wamalize.